Simu za mazoezi wote wanapata nane juu ya kumi, mbona simu za kweli hawauzi?

Swali limetoka kwa dada mmoja, tim lida hapa Dar, ana vijana sita wanaouza bima za magari kwa simu. Kwa kifupi anasema hivi: kila Jumatatu asubuhi wanafanya simu za mazoezi, mmoja anakuwa mteja, mmoja muuzaji, wengine wanasikiliza, mwisho wanampa maksi kwenye kumi. Karibu kila mtu anapata nane, wengine tisa. Wakirudi kwenye simu za kweli wanakatiwa, wanaambiwa "nipo kwenye kikao", na wakibahatika kufika kwenye bei mteja anasema "nitumie WhatsApp ntaangalia" na habari inaishia hapo. Bosi wake kamwambia mazoezi yanapoteza muda, bora vijana wapige simu tu. Anauliza ayaache au ayabadilishe, na kama ni kubadilisha aanzie wapi, maana fomu ya maksi kaitoa kwenye intaneti na anaona ni nzuri.

Usiyaache dada yangu. Bosi wako yuko sahihi kwamba kwa namna mnavyoyafanya saizi hayaleti kitu, lakini dawa anayoitaka ndo mbaya zaidi, maana kijana anayekosea sehemu ileile kwenye simu arobaini kwa siku hajifunzi, anazidi kuzoea kukosea, na kila akikosea anaunguza namba ya mtu ambaye pengine angenunua. Shida yenu naiona sehemu tatu. Mteja wenu wa mazoezi ni mpole mno, maksi zenu hazipimi kitu, na mkishapeana maksi mnaondoka badala ya kurudia simu. Hiyo ya tatu ndo kubwa kuliko zote ila ntaifikia taratibu.

Nianze na fomu kwa sababu umeisifia. Umesema ina kujiamini, ufahamu wa bidhaa, lugha, ushawishi na kufunga mauzo, kila kimoja kwenye kumi. Sasa niambie, kijana akipata saba kwenye ushawishi, kesho afanye nini ili apate nane? Yeye hajui, wewe hujui, na aliyempa hiyo saba hajui pia. Na maksi za namna hii zina ugonjwa wa siku nyingi, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike aliuandika mwaka 1920 baada ya kuangalia jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima watu walio chini yao kwa umbo, akili, uongozi na tabia, akakuta maksi zinafuatana kupita kiasi, yaani ofisa akishamwona mtu mzuri kwa jambo moja anampandisha kwenye mengine yote. Tim yako ni hivyohivyo. Kijana mwenye sauti nzuri na mcheshi ofisini anapata tisa kila mahali hata kama hakumuuliza mteja swali hata moja, na yule mkimya anayeuliza vizuri anaambulia saba kila mahali. Ongeza na kwamba wanapeana maksi wao kwa wao na Jumatatu ijayo zamu inageuka, nani atathubutu kumpa mwenzie nne?

Kwa hiyo namba kwenye kumi zitoe kabisa. Weka maswali machache ya ndiyo au hapana, na kila ndiyo lazima iwe na ushahidi kwenye rekodi, dakika na sekunde, maneno yenyewe aliyoyasema. Kama huwezi kuonyesha alisema wapi basi ni hapana, bila ubishi.

Maswali hayo usiyatoe kwenye intaneti wala usiyatoe kwangu. Yatoe kwenye simu zenu za kweli. Chukua rekodi za wiki mbili zilizopita, chagua kama ishirini hivi, zilizouza na zilizokufa, alafu kaa peke yako na karatasi, kila simu iliyokufa andika ilikufa wapi. Usiandike "mteja hakuwa tayari", hiyo haisaidii, andika jambo la mwisho alilosema kijana wako kabla mteja hajaanza kutafuta mlango wa kutokea. Ukifanya hivyo utashangaa, simu hazifi kwa sababu hamsini, zinakufa kwa sababu tatu au nne, na hizo ndo zinakuwa vipengele vyako. (Hapa jambo moja la lazima: mteja awe ameambiwa kwamba simu inarekodiwa na inaweza kutumika kwa mafunzo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo inafanya kazi. Rekodi ikishakuwa ya darasani ondoa jina la mteja na namba ya gari, na isizunguke kwenye magrupu ya WhatsApp.)

Kwa bima ya gari nadhani utaishia na vitu vinavyofanana na hivi, nakuandikia ili upate picha. Cha kwanza, ndani ya nusu dakika ya mwanzo mteja ameshajua nani anapiga, kutoka wapi, kwa sababu gani, na ameombwa muda. Mtanzania akipokea namba asiyoijua swali lake la kwanza ni "nani mwenzangu?", kijana akianza kumwaga salamu ndefu, habari za nyumbani, za kazi, za Jumatatu, mwenzie anazidi kujiuliza huyu ni tapeli au ni nani, mpaka kampuni inatajwa mtu ameshachoka. Salamu iwepo, na kama sauti ni ya mtu mzima shikamoo iwepo, lakini fupi, alafu jina na sababu.

Cha pili, aliuliza nini kuhusu gari na matumizi yake kabla ya kutaja bei au sifa za bima. Hapa ndo pana utajiri. Mwingereza mmoja, Neil Rackham, na watu wake walichunguza mikutano ya mauzo zaidi ya 35,000 kwa miaka 12, na moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba muuzaji anayemwaga sifa za bidhaa mapema anajizalishia mapingamizi mwenyewe, wakati anayeuliza kwanza anakutana nayo machache. Wao walikuwa wanaangalia zaidi mauzo makubwa ya kampuni kwa kampuni, lakini nikisikiliza simu za bima za hapa kwetu nasikia jambo lilelile. Kijana anasema bima yetu kubwa (inayolipa na gari yako mwenyewe, siyo kama ndogo inayomlipa uliyemgonga tu) inalipa hiki na hiki na hiki, asilimia 3.5 ya thamani ya gari, gari ya milioni 20 ni laki saba kabla ya VAT, mteja anasikia laki saba tu. Hajaulizwa gari analilaza wapi, nani mwingine analiendesha, linampatia hela au la kwenda kazini tu, kwa hiyo hiyo laki saba haijashikana na kitu chochote kwenye maisha yake.

Cha tatu ni alifanya nini baada ya pingamizi la kwanza, alijibu palepale au aliuliza kwanza. Cha nne, alisema ukweli kuhusu yale ambayo bima hailipi, pamoja na ekses, ile sehemu ya hasara ambayo mteja anabeba mwenyewe. Najua vijana hawapendi kukitaja hiki, na najua wakubwa wengine wanapenda kisitajwe, lakini mimi kwenye fomu yangu nakiweka na simu iliyofika kwenye kuuza ikikosa hicho haijapita hata kama mengine yote ni ndiyo, kwa sababu mteja aliyefichwa ekses leo ndo anayesimulia mtaa mzima mwakani kwamba bima ni wezi, na huyo mtaa mzima ndo wateja wako. Cha tano, simu iliishia kwenye hatua yenye siku na saa. "Ntakutumia WhatsApp" peke yake ni hapana. "Nakutumia saizi, alafu Alhamisi saa nne nakupigia tuangalie pamoja, sawa kaka?" na kaka akasema sawa, hiyo ni ndiyo.

Vitano vinatosha, usifike kumi na mbili, msikilizaji hawezi kushika mambo kumi na mbili kwenye simu ya dakika sita.

Kabla hujaanza kumpima mtu yeyote, wewe na mwenzio mmoja sikilizeni rekodi ileile kila mtu kivyake, mjaze, mlinganishe. Mkitofautiana kwenye kipengele msianze kubishana nani ana sikio zuri, kipengele ndo kimeandikwa vibaya, kiandikeni upya mpaka watu wawili wasiokuwa na urafiki na huyo kijana watoe jibu moja. Kazi hii inachukua mchana mmoja na ndo inayofanya vijana wakiamini kipimo.

Sasa mteja wa mazoezi. Mnachofanya Jumatatu ni kupiga penalti bila golikipa. Mwenzie anajua skripti yote, anajua pingamizi gani limeandaliwa jibu, analitoa hilohilo, anajibiwa, anasema "ahaa sawa nimeelewa", wanacheka, nane. Mteja wa kweli hana skripti yako, ana mambo yake ambayo hatakwambia mpaka umuulize.

Tengeneza kadi za mteja. Kila kadi iwe na mambo ambayo muuzaji anaambiwa, yaani kile ambacho angekijua kwenye listi yake tu, jina na namba na aina ya gari labda, na mambo ambayo mteja peke yake anayajua na haruhusiwi kuyatoa bila kuulizwa. Uandike pia ni kitu gani kinamfungua na kitu gani kinamfanya akate. Mfano kadi moja: jamaa ana IST, ameikatia bima ndogo kama gari binafsi, lakini jioni na wikiendi anaingiza Bolt. Hilo la Bolt halisemi mpaka aulizwe gari analitumiaje. Muuzaji asipouliza anamuuzia bima kubwa ya gari binafsi, mteja anafurahi, tim inapiga makofi, na siku ajali ikitokea ana abiria ndani watu wa klemu, wale wanaoshughulikia madai ya malipo, wanaweza kumkatalia kwa sababu matumizi aliyoyaandika siyo. Kwenye kadi hiyo aliyeuza bila kuuliza amefeli. Watakuwa wakali siku ya kwanza, waache wawe wakali, hiyo simu hawataisahau.

Kadi nyingine: mfanyabiashara wa Kariakoo ana kirikuu inayobeba mzigo, yuko dukani, kelele, anakatisha kila sentensi anamjibu mteja wake, anasema "subiri kidogo" alafu anakaa kimya. Hapa unapima kama kijana anajua kufupisha na kuomba muda mwingine badala ya kulazimisha skripti yote iishe. Nyingine: mama mwajiriwa, gari kanunua kwa mkopo wa benki na benki ilishamlazimisha kukata bima kubwa, hahitaji kitu leo, mtaji wote wa simu hiyo ni tarehe bima yake inapoisha na ruhusa ya kumpigia kabla ya hapo. Kijana akiipata tarehe na ruhusa amepita, hata kama hakuuza senti. Na weka kadi moja ambayo jibu sahihi ni kutouza bima kubwa kabisa, gari chakavu ya bei ndogo ambayo mwenyewe ukipiga hesabu unaona bima ndogo inamtosha. Kijana anayeweza kusema "kaka kwa gari hii mimi ningekushauri ubaki na ndogo" anajenga jina ambalo skripti haiwezi kulijenga.

Nani acheze mteja? Wenzao wakicheza kila siku wataoneana huruma. Muombe mtu wa klemu, mhasibu, dereva wa ofisi, dada wa mapokezi, mtu asiyejua skripti, mpe kadi dakika tano aisome. Dereva wa ofisi ndo mteja mkali kuliko wote, anajua magari na hana sababu ya kumbeba mtu. Na simu iwe simu kweli, wakae vyumba tofauti, mmoja hata atoke nje barabarani, apigiwe kwenye namba yake. Mkikaa meza moja mnaangaliana usoni kijana anasoma uso wa mwenzie, kitu ambacho kwenye kazi yake hana, yeye ana sauti tu na vile vimya vya katikati.

Nikupe kipande kimoja uone tunakitumiaje, kadi ya mtu anayeamini bima hawalipi. Raundi ya kwanza huwa inakwenda hivi:

Mteja: Bima zenyewe hamlipi nyie.
Muuzaji: Hapana kaka, sisi tunalipa, kampuni yetu iko sokoni muda mrefu na tuna wateja wengi sana wameridhika.
Mteja: Sawa, nitumie WhatsApp.

Kwa fomu ya zamani hiyo ni nane, kajiamini, kajibu haraka, lugha nzuri. Kwa fomu mpya kipengele cha tatu ni hapana, dakika ya pili sekunde ya kumi, kajibu bila kuuliza. Na "nitumie WhatsApp" hapo maana yake mazungumzo yamekwisha. Unasimamisha hapohapo, mnarudia kipande hichohicho, sasa hivi, bado kina moto:

Mteja: Bima zenyewe hamlipi nyie.
Muuzaji: Pole kaka, ilikukuta wewe au mtu wako?
Mteja: Shemeji yangu. Aligonga ukuta, gari imekaa gereji miezi, hakulipwa hata mia.
Muuzaji: Dah, pole yake. Unakumbuka alikuwa na bima kubwa au ndogo?
Mteja: Mi sijui, alikuwa na bima.
Muuzaji: Nakuuliza kwa sababu ndogo inalipa hasara uliyomsababishia mtu mwingine, gari yako mwenyewe hailipi. Kama alikuwa na ndogo na kagonga mwenyewe, basi gari yake haikuwa na bima ya kuitengeneza tangu mwanzo. Wewe ya kwako saizi unajua ni ipi?
Mteja: Hiyohiyo ndogo nafikiri.

Umeona mteja kafika mwenyewe? Na kijana hajamtetea mtu, hajabishana, kauliza tu na kaeleza kitu kimoja cha kweli. Kama shemeji alikuwa na kubwa na kweli kanyimwa haki yake, basi jibu lingine la kweli lipo pia, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kijana anatakiwa ajue kulisema hilo bila kuogopa kwamba anaharibu mauzo. Vilevile mteja mwenye wasiwasi kwamba anauziwa bima feki anaelekezwa aingie TIRAMIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, aweke namba ya gari ahakiki mwenyewe. Mambo haya mawili kila mmoja kati ya hao sita awe nayo mdomoni.

Hapo sasa nafika kwenye lile la tatu, kurudia. Mrejesho bila kurudia ni mazungumzo tu. Ukishasikiliza simu chagua jambo moja, MOJA, hata kama umeona saba, lile ambalo likirekebishwa mengine yanafuata, kawaida ni la mapema kwenye simu. Kabla hujasema neno muulize mwenyewe "ukirudia simu hii ungebadilisha wapi?", mara nyingi atataja palepale ulipopaona na hapo kazi yako imepungua nusu. Muwekee kipande cha sekunde thelathini asikie sauti yake. Alafu arudie kile kipande mara tatu mfululizo na mteja yuleyule, mara ya kwanza itakuwa ngumu kama anasoma, mara ya pili inalegea, ya tatu inaanza kuwa ya kwake. Baada ya hapo mpe simu nzima kwa kadi nyingine kabisa, ili uone kama kajifunza jambo au kakariri jibu. Wengi wanakariri, na ukimpa "jamaa yangu ananikatia bima kila mwaka" badala ya "hamlipi" anarudi kujibu bila kuuliza. Hiyo inakwambia bado, kesho tena.

Na chunga sana unavyosema. Mwaka 1996 Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi za mrejesho kazini na shuleni wakapima zote kwa pamoja, wakakuta kwa wastani unasaidia, lakini zaidi ya theluthi moja ya mara ulizidisha ubaya, watu walifanya vibaya kuliko kabla ya kuambiwa. Maelezo yao ni kwamba mrejesho ukimwelekeza mtu ajifikirie yeye mwenyewe badala ya kazi unapoteza nguvu. "Huna kujiamini" inamfanya kijana akalale anawaza yeye ni mtu wa namna gani. "Dakika ya pili alisema hamlipi ukajibu hapohapo, jaribu kuuliza" inampa kitu cha kufanya. Hata sifa ni hivyohivyo, "wewe ni mkali bana" haimsaidii, mwambie ni swali gani lilimfungua mteja ili alirudie kesho.

Umesema pia kwenye ujumbe wako kuna kaka mmoja kakuzidi umri na uzoefu na hapokei maoni mbele ya wadogo. Usimlazimishe mbele ya watu, haina faida na adabu yetu hairuhusu. Mpe rekodi yake na fomu ya vipengele vitano ajipime mwenyewe, alafu mkae wawili mlinganishe. Na muombe awe anacheza kadi ngumu za mteja kwa wadogo zake, mtu aliyekaa upande wa mteja siku kadhaa na kusikia jinsi simu zinavyomchosha hubadilika bila kuambiwa.

Kuhusu muda, kile kipindi kirefu cha Jumatatu kivunje. Dakika kumi na tano kila asubuhi kabla simu hazijaanza, wawili wawili, kadi moja, jambo moja, kurudia, basi. Kinachofanyika Jumatatu tu Alhamisi hakipo tena. Na siku hiyohiyo kila mmoja anaingia kwenye simu za kweli akiwa na lile jambo moja la asubuhi, jioni unasikiliza simu mbili tu za kila mtu kuona kama limeonekana kule. Hapo ndo kipimo chenyewe kilipo. Kwenye mazoezi ndiyo na kwenye simu ya kweli hapana maana yake kadi zako bado laini. Programu za akili mnemba zinazojifanya mteja zipo, mtu anaweza kuzitumia nyumbani kulainisha ulimi, ila maksi zisitoe, zenyewe hazijawahi kupigiwa simu zikiwa foleni ya Ubungo.

Usitegemee mauzo yakwambie kitu wiki ya kwanza. Mtu akiuza moja leo na mbili kesho hajapanda mara mbili, hiyo ni bahati, namba ni ndogo mno. Angalia vitu vya katikati vinavyotokea mara nyingi: katika simu zilizopokelewa ngapi zilivuka nusu dakika ya mwanzo, ngapi mteja alitoa tarehe ya bima kuisha, ngapi ziliishia na siku na saa, na katika hizo ngapi kijana alipiga kweli muda ule. Hiyo ya mwisho wengi hawaipimi kabisa na ndo inayovuja kuliko zote.

Na ukiona wote sita wanakwama sehemu ileile, acha kuwalaumu. Wote wakikatiwa nusu dakika ya kwanza hata baada ya wiki mbili za mazoezi mazuri, angalia listi ya namba imetoka wapi. Kama ni namba zilizonunuliwa tu mtaani, watu ambao hawajawahi kusikia kampuni yenu wala kukubali kupigiwa, hakuna mafunzo yatakayoziponya, na kwa ile sheria niliyoitaja mnajitafutia matatizo. Wote wakifia kwenye bei, skripti inataja bei mapema. Wote wakifia kwenye "hamlipi", nenda kaongee na watu wa klemu ujue kuna nini, inawezekana mteja anasema kweli.

Kwa bosi wako usiende na maneno. Muombe wiki nne, na leo hii kabla ya kubadilisha chochote rekodi kila kijana simu moja na kadi ileile, mteja akiwa yule dereva wa ofisi. Zifungie. Wiki ya nne dereva huyohuyo, kadi mpya yenye ugumu uleule, alafu kaa na bosi mkiwa na rekodi mbili za kijana mmoja mmoja pamoja na zile hesabu za katikati za simu za kweli. Mpe fomu ajaze mwenyewe akiwa anasikiliza. Kama vipengele havijasogea kwenye simu za kweli, atakuwa na haki ya kuyafuta, na wewe utakuwa umeshajua kama tatizo liko kwenye listi, kwenye bei au kwenye klemu, na hilo ndo utaenda kulidai.